Mapambo ya Halloween yasiyo na gharama: Namna ya kuyatengeneza nyumbani

KILA ifikapo Oktoba 31, familia nyingi za Marekani, Kanada, Ireland na Uingereza huwasha taa za barazani na kuwasubiri watoto waliovaa mavazi ya kutisha, ambao hupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Siku hiyo ni Halloween, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nyumba yenye giza na isiyo na pambo lolote, watoto huipita bila kubisha hodi.

Mapambo hayo yamekuwa biashara kubwa. Mwaka 2023, Shirikisho la Taifa la Wauzaji wa Rejareja la Marekani lilikadiria kuwa Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya siku hiyo, na kati ya fedha hizo dola bilioni 3.9 zingenunua mapambo. Kampuni ya Home Depot ilipoanza kuuza kiunzi cha mifupa chenye urefu wa futi 12, mwaka 2020, bei yake ilikuwa dola 299.

Kwa familia iliyohamia huko karibuni, wakiwamo Wakongomani wengi wazungumzao Kiswahili waliopokewa Marekani kama wakimbizi, fedha kama hiyo ni ya chakula. Hata hivyo, mtoto anayesikia habari za Halloween shuleni hawezi kuambiwa kila mwaka kuwa nyumba yao haimo. Wapo wazazi wanaoikataa siku hiyo kwa sababu za imani, na hao huweka mlangoni maboga mazima na mabua ya mahindi kama mapambo ya mavuno tu.

Desturi yenyewe haikuanza na vitu vya dukani. Nchini Ireland na Uskoti watu walikuwa wakichonga sura katika turnipu, mzizi wa jamii ya kabichi, na kutia mwanga ndani yake. Wahamiaji wa karne ya 19 walipofika Marekani walikuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na rahisi zaidi kuchonga.

Boga ndilo pambo la kwanza hadi leo. Kifuniko chake hukatwa kwa mshazari, kisu kikielekea katikati, ili kisitumbukie ndani kinaporudishwa. Mbegu na nyuzinyuzi huondolewa kwa kijiko kikubwa, kisha ukuta wa upande wa sura hukwanguliwa hadi ubaki na unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Sura huchorwa kwanza kwenye karatasi, karatasi ikabandikwa juu ya boga, na mstari ukatobolewa kwa pini. Mtoto achore, kisu kishikwe na mtu mzima.

Boga lililochongwa huanza kunyauka na kuota ukungu baada ya siku chache, kwa hiyo lisichongwe mapema kuliko siku mbili au tatu kabla ya sikukuu. Wengine hupaka vaselini kwenye kingo zilizokatwa ili zisikauke. Vaselini huwaka, hivyo boga la namna hiyo litiwe taa ya betri tu. Mbegu zisitupwe: zikioshwa, zikakaushwa na kuchanganywa na chumvi na mafuta kidogo, huokwa kwa dakika 15 hadi 20 zikawa kitafunwa.

Madumu meupe ya maziwa ya galoni moja, ambayo Marekani hutupwa kila wiki, hufanya mizimu mizuri kuliko mingi inayouzwa. Macho na mdomo huchorwa kwa kalamu ya wino mzito mweusi, tundu hukatwa nyuma, na waya wa taa ndogo za LED hupitishwa ndani. Kokoto chache huwekwa chini ili upepo usiyapeperushe. Yakipangwa kando ya njia, mwanga wake hafifu humwongoza pia mgeni asijikwae.

Mzimu mwingine hutengenezwa kwa shashi nyeupe iliyochovywa katika gundi nyeupe na maji kwa vipimo sawa, au katika kanji ya nguo. Shashi hutandazwa juu ya puto lililowekwa kwenye mdomo wa chupa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi puto hupasuliwa, na kitambaa husimama chenyewe.

Popo hukatwa kutoka kwenye karatasi nyeusi iliyokunjwa mara mbili, ili mabawa yalingane. Mpangaji atumie utepe wa wapaka rangi, unaobanduka bila kung'oa rangi ya ukuta. Popo mmoja mwenye utepe usiofaa anaweza kumgharimu sehemu ya amana ya nyumba.

Hatari kubwa iko kwenye moto. Karatasi, shashi, mabua makavu na shuka kuukuu hushika moto kwa sekunde chache. Mwaka 2014, vazi la uchawi la binti wa mtangazaji wa Uingereza, Claudia Winkleman, liliwaka kwa mshumaa na mtoto huyo akaungua vibaya. Tukio hilo lilizusha mjadala mkali kuhusu viwango vya usalama vya mavazi hayo. Kwa sababu hiyo taa ya betri ni bora kuliko mshumaa, na pambo lolote linaloweza kuwaka likae angalau mita moja kutoka kwenye jiko au kipasha joto. Mlango na ngazi visizibwe, kwa kuwa ndiyo njia ya kukimbilia.

Utando wa buibui wa nyuzi laini, unaouzwa kwa bei ndogo, nao haufai kutundikwa nje. Ndege, wakiwamo bundi, hunaswa humo na kushindwa kujinasua. Kamba nene iliyofumwa kwa mkono hutoa sura ileile, na ndege huiona.

Sikukuu ikipita, shashi, kamba na popo huhifadhiwa kwenye sanduku kwa mwaka unaofuata. Boga lisilopakwa rangi wala dawa hukatwakatwa likawa mboji, au hupelekwa kwa mfugaji anayepokea maboga kwa ajili ya nguruwe na mbuzi wake.