Kipimo cha damu chasaidia kubaini mtu anakula nini

Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe wametegemea maelezo ya mlaji mwenyewe ili kujua anakula nini. Mhusika hujaza dodoso akieleza ni mara ngapi kwa wiki hula matunda, mboga, nyama au samaki. Kasoro za njia hiyo zinafahamika: watu husahau, hukosea kukadiria kiasi, na wengine huongeza vyakula vinavyosifiwa na kupunguza vinavyolaumiwa.

Ili kuziba pengo hilo, watafiti hupima viashiria vilivyomo katika damu. Mwili wa binadamu hauwezi kutengeneza vitamini C wala karotenoidi, yaani rangi zinazozipa karoti, nyanya na maembe umanjano au wekundu wake. Kwa kuwa hutoka katika chakula au vidonge vya lishe, kiwango chake katika damu huashiria matunda na mboga zilizoliwa siku na wiki za karibuni. Kwa walaji wa samaki hupimwa mafuta ya omega-3 katika chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120.

Mwaka 2020, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliotumia vipimo vya vitamini C na karotenoidi sita. Watu 9,754 waliopata kisukari aina ya 2 walilinganishwa na wengine 13,662 kutoka nchi nane za Ulaya. Ilibainika kuwa tofauti ya gramu 66 tu za matunda na mboga kwa siku iliambatana na upungufu wa asilimia 25 wa hatari ya kupata ugonjwa huo. Hata hivyo, utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano tu, hauthibitishi chanzo.

Damu nayo ina mipaka yake. Wavutaji sigara huwa na vitamini C kidogo hata wanapokula sawa na wenzao, na vitamini hiyo huharibika upesi iwapo sampuli haikuhifadhiwa ipasavyo. Karotenoidi nazo hufyonzwa vizuri zaidi mboga zinapoliwa na mafuta.

Aidha, hakuna kiashiria kimoja kinachoeleza mlo mzima. Kwa sababu hiyo dodoso halijatupwa: hutumika sambamba na damu, kila kimoja kikisahihisha upungufu wa kingine, ili ushauri wa lishe unaotolewa kwa wananchi usijengwe juu ya kumbukumbu pekee.