MIZANI YA PILI
Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mkoa wa Simiyu

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wa darasa amekwisha andika ubaoni maneno yetu matatu ya leo: MIZANI, SHAHIDI, NAMBA YA SIRI. Yasomeni pamoja, kisha tuendelee.

Leo tutasoma historia ya wizi usiovunja mlango. Mwizi wa ng'ombe huja usiku, na mwenye boma akiamka hupiga yowe, yaani mwano, na kijiji kizima hutoka. Lakini yuko mwizi mwingine ajaye mchana, akazungumza vizuri, na mwenye mali akampa mali kwa mkono wake mwenyewe. Wizi wa namna hiyo wazee wetu waliujua sana, na waliupiga vita. Yafaa tujue walifanyaje, maana mwizi huyo amerudi, na sasa anatumia simu.

1. Karani na mizani

Turudi nyuma mpaka miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950. Wakati huo nchi hii yote ya Usukuma ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na huku Bariadi palikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa. Pamba ilikuwa ndiyo fedha ya watu. Kodi, nguo, jembe na ada ya mtoto shuleni vilitoka katika pamba.

Bei ya pamba ilipangwa na Serikali ya kikoloni. Basi mnunuzi hakuweza kumwibia mkulima kwa kupunguza bei waziwazi. Alimwibia katika kipimo. Mkulima alifika gulioni na mzigo wake kichwani. Karani aliuweka juu ya mizani, akatazama, akataja ratili. Ratili moja ni chini kidogo ya nusu kilo. Mkulima naye alitazama mizani ile ile, lakini kwa kuwa hakujua kusoma namba, aliona mistari tu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme bei ni senti 50 kwa ratili. Mzigo una ratili 100, lakini karani asema ni ratili 92. Mkulima amepoteza ratili 8, nazo ni shilingi 4. Akileta mizigo kumi katika msimu, amepoteza shilingi 40. Tena karani aweza kusema kwamba pamba safi ni fifi, akalipa bei ya chini. Aweza pia kuondoa uzito wa gunia zaidi ya uzito wake wa kweli. Mkulima akiuliza, huambiwa, "Songa mbele, wenzako wanangoja."

Angalieni mambo mawili hapa. La kwanza, kipimo kilisomwa na mtu mmoja tu, naye ndiye aliyefaidika. La pili, palikuwa na haraka. Yashikeni mambo hayo mawili, tutayakuta tena mbele.

2. Wazee walifanyaje

Wakulima walinung'unika miaka mingi, na manung'uniko hayakuongeza hata ratili moja. Mabadiliko yalianza walipoleta mizani yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika sehemu mbalimbali za Usukuma, wakulima walijipanga na kuweka wapimaji wao karibu na magulio. Mkulima alipima pamba yake kwanza kwa mpimaji wa wakulima, aliyejua kusoma namba. Kisha alikwenda kwa mnunuzi. Karani akisema 92, mkulima aliweza kujibu kwamba mizani ya kule imesema 100.

Jambo hili laonekana dogo, lakini nguvu yake ilikuwa kubwa. Mizani ya pili ilimwondoa karani katika hali ya kuwa msomaji wa peke yake.

Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kisha vyama vya ushirika vya kununua pamba. Kiongozi mmoja aliyejulikana sana ni Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 huko Musoma, na ambaye baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu yakiwa Mwanza. Ilipofika mwaka 1960 pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe.

Lakini historia haiishii hapo, na tusidanganyane. Mizani ilipokuwa yetu, wizi haukwisha. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kamati iliona udhaifu mwingi, pamoja na watumishi wasio waaminifu. Karani sasa alikuwa mtu wa nyumbani. Basi mizani ya pili haihitajiwi kwa mgeni peke yake.

Ndiyo maana elimu ya watu wazima katika Kanda ya Ziwa ilifungamana na pamba tangu mapema. Kuanzia mwaka 1968 mpaka 1972, Serikali yetu pamoja na UNESCO waliendesha mpango wa kisomo kutoka Mwanza, na baadhi ya vitabu vyake vya kusomea vilihusu kilimo cha pamba. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtu alijifunza kusoma ili asome mizani, stakabadhi na mkataba. Ninyi mlio darasani leo mnafuata njia hiyo hiyo.

3. Wizi umehamia katika simu

Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata. Mama wa Itilima aweza sasa kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam bila kumtafuta dereva wa basi wa kumpa bahasha. Ni faida kubwa. Lakini popote fedha zinapopita, mwenye kipimo cha uongo hukaa njiani.

Wengi wenu mmepata ujumbe usemao ile hela itumwe kwenye namba hii, na jina litakalotokea ni la fulani. Kwa nini ujumbe huo hufanikiwa? Tapeli huutuma kwa watu wengi sana bila kuwajua. Kati yao hakosi mtu ambaye siku hiyo kweli anataka kutuma fedha: karo, au malipo ya vibarua wa palizi. Mtu huyo hudhani ujumbe umetoka kwa yule anayemdai.

Sasa tazameni ujanja wenyewe. Simu yako inayo mizani ya pili ndani yake: kabla hujathibitisha, huonyesha jina la mtu anayepokea. Tapeli alijua kwamba jina geni litakushtua, ndiyo maana amekutajia mapema. Amekwisha kukusomea mizani kabla hujaitazama.

Wako na wengine. Mmoja hupiga simu akasema yeye ni mwalimu wa shule, mtoto wako ameanguka, fedha za hospitali zinatakiwa sasa hivi. Mwingine hutuma ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha, kisha hulia kwamba amekosea namba, umrudishie. Mwingine hujifanya mtu wa kampuni ya simu, akaomba namba yako ya siri. Mwingine huahidi utajiri wa uganga, lakini kwanza utume fedha ya kufungulia njia.

Huyu wa mwisho ni wa zamani sana. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua za mfungwa wa Hispania. Barua ilisema kwamba tajiri amefungwa, ukimsaidia kwa fedha kidogo atakupa hazina yake. Leo vijana wetu hupata barua hiyo hiyo kwa barua pepe: urithi wa ng'ambo, zawadi, au kazi ya Ulaya, ila kwanza ulipe ada.

Yale mambo mawili ya gulioni yamo humu yote. Haraka ipo: tuma sasa hivi. Na kipimo chasomwa na yeye peke yake: yeye ndiye anayekuambia kilichotokea. Tena limeongezeka la tatu, yaani siri. Husema, usimwambie mtu.

4. Mizani yetu ya pili

Basi tufanye nini? Tuweke mizani ya pili nyumbani kwetu, hivi:

Kwanza, ukiambiwa utume fedha kwa namba mpya, mpigie mwenyewe kwa namba yake ya zamani uliyo nayo. Usipige ile iliyokuletea habari, maana kupima tena kwa mizani ya mwizi si kupima. Kama ni habari ya mtoto, piga kwa mwalimu unayemjua, au mtume jirani aende shuleni.

Pili, ukiambiwa umepokea fedha, tazama salio lako kwanza. Ujumbe ni maneno tu, fedha ni salio. Hata kama fedha imeingia kweli kwa makosa, usirudishe mwenyewe kwa kuambiwa. Piga huduma kwa wateja ya kampuni yako, namba 100, wao washughulikie.

Tatu, namba ya siri ni ya siri. Asipewe wakala, wala mtu anayejiita wa kampuni. Akina mama na wazee ambao bado kusoma ni kugumu, chagueni mtu mmoja mwaminifu wa nyumbani awasomee ujumbe, lakini namba ya siri mbonyeze wenyewe.

Nne, kila nyumba iwe na kanuni: fedha haitumwi kabla watu wawili hawajaona ujumbe. Mwenye shida ya kweli atangoja dakika kumi. Tapeli hangoji.

Watu wengi wasiangalie wingi wa wenzao wakadhani ni kipimo. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walikuwa wametoa fedha kwa DECI, iliyowaambia wapande mbegu na kuvuna zaidi. Walioingia mapema walilipwa kwa fedha za walioingia nyuma. Majirani walishuhudiana, lakini wote walisoma mizani moja, ile ya DECI. Mwaka huo Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake.

5. Pigeni yowe

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na mwaka 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika. Ujumbe wa utapeli, pamoja na namba ya aliyeutuma, utume kwenda 15040. Kama fedha imekwisha kwenda, piga 100 mara moja, usifute ujumbe, na uende polisi.

Lakini sheria haiwezi kusaidia mtu anyamazaye, na hapa ndipo tunaposhindwa. Aliyeibiwa ng'ombe hupiga mwano. Aliyetapeliwa kwa simu huona haya, akaficha hata kwa mumewe au mkewe. Kwa hiyo tapeli huyo huyo, kwa maneno yale yale, hupita nyumba ya pili na ya tatu. Msicheke aliyedanganywa. Wazee wetu hawakumcheka aliyepunjwa ratili 8. Walimwuliza karani ni nani, na mizani ni ipi, kisha wakaweka ya kwao.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mizani moja haikutosha gulioni?
2. Taja alama tatu za udanganyifu tulizozisoma leo.
3. Mama amepata ujumbe kwamba mwanawe amelazwa. Ampigie nani kwanza, na kwa namba ipi?
4. Ni nani atakuwa mizani ya pili katika nyumba yako? Andika jina lake na namba yake katika daftari, na umweleze leo kabla ya kulala.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.