Jinsi gemu zilivyotoka sebuleni zikaja kibandani

Japani na Marekani, waliokuwa watoto miaka ya 1980 wakisimulia gemu husimulia duka la mtaani lenye mashine ndefu kama kabati, tundu la sarafu mbele yake na watoto wamejipanga nyuma ya mchezaji. Mashine hizo zilishika kasi kwa Pong ya Atari mwaka 1972, zikavuma kwa Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980. Aliyekulia Tabora na vijiji vyake vya mashariki, kama Kigwa wilayani Uyui, hana kabati hilo katika kumbukumbu zake. Anachokumbuka ni kibanda: TV ya chogo juu ya meza, PlayStation kando yake, pedi mbili zenye vitufe vilivyofutika alama, na benchi lenye watazamaji wengi kuliko wachezaji. Wengi hukiona kibanda hicho kama mwigo wa kimaskini wa maduka ya ng'ambo. Mimi naona kina historia yake, tena iliyokwenda kinyume. Kwao gemu zilianzia dukani zikaingia nyumbani. Kwetu mashine iliyotengenezwa kwa sebule ya familia moja ilitolewa nje ikawa ya mtaa mzima.

Sababu ziko wazi ukifuata miaka. Mwaka 1974, wakati mashine za sarafu zikienea duniani, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Sony ikatoa PlayStation ya kwanza nchini Japani. Yaani zama za kuvuma kwa kabati la sarafu zilipita Bara ikiwa haina kioo cha kutazamia, na kioo kilipofika kilikuta mashine ndogo ya kuunganisha na TV tayari iko njiani. Tena mashine ya sarafu inahitaji sarafu yenye thamani ya kutulia, na shilingi ya miaka ya 1980 haikutulia hata kidogo. Kilichobaki kilikuwa umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kabla ya nguzo kufika, kijijini gemu ilitegemea jenereta na bei ya mafuta yake. Katika hali hiyo, familia moja kununua TV, mashine na umeme ili mtoto wake acheze peke yake ilikuwa anasa. Kuvinunua na kuwatoza watoto wa jirani ilikuwa biashara.

Hapo ndipo kibanda kilipoachana na kabati la Tokyo. Nafasi ya tundu la sarafu ilishikwa na mtu. Mwenye kibanda ndiye anayepanga dakika za mechi ndani ya gemu, na dakika hizo ndizo bei yenyewe: akizipunguza, wateja wanapokezana haraka na droo inajaa, akizidisha ufupi, wanahamia kwa jirani. Ndiye anayeamua kama umeme ukikatika katikati ya mchezo mechi inarudiwa au imekwenda na maji. Anaweza kukopesha, anaweza kumtoa mtoto aliyevaa sare saa nne asubuhi, na anajua mama wa kila mmoja anakaa wapi. Sheria za benchi nazo hazikuja na mashine. Anayefungwa anampisha mwenzake, mshindi anabaki, na mtazamaji ana haki ya kubeza: ndivyo drafti na bao zinavyochezwa barazani. Kampuni ya Konami ya Japani iliunda gemu ya mpira wa kwenye kioo, ila adabu ya kuucheza ilikuwa hapa tayari.

Atakayesema huu ni ugeni mtupu uliovamia kijiji aitazame Kigwa yenyewe. Ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo. Mwandishi wa habari Stanley alipita hapo mwezi Juni 1871 akielekea Unyanyembe, eneo la Tabora. Misafara hiyo ilibeba shanga na merikani, kitambaa kilichofumwa Marekani, na huku bara kitambaa hicho kikawa kama fedha, kikipimwa kwa mkono na kuhesabiwa kwa doti. Kigeni kufika na kupewa matumizi yasiyokusudiwa na aliyekitengeneza si jambo la jana katika njia hii.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi: vibanda vinatorosha watoto shuleni na kuwafundisha kamari. Utoro upo, na hakuna haja ya kuuficha. Lawama hiyo ilitolewa pia kwingine, hata Rais Marcos wa Ufilipino akapiga marufuku mashine za gemu mwaka 1981. Lakini kuhusu kamari, nadhani tunamshika asiyehusika. Mashine ya kumeza sarafu hatimaye imefika kwetu, kwa jina la dubwi, na inakaa nje ya maduka na vilabu. Haina mpinzani wa kumshinda, ustadi hausaidii kitu, na haimuulizi mtoto umri wala sare. Kasoro yake kubwa ni ileile ambayo kibanda kilikuwa kimeiepuka: hakuna mtu kati ya sarafu na mashine. Basi maofisa watendaji wa vijiji wanapokwenda kwenye ukaguzi, wasifungie vibanda na madubwi kwa kufuli moja. Kibanda kiwekewe saa za kufungua, na mwenyewe awajibike kwa kila sare atakayokutwa nayo benchini. Dubwi lisiwekwe pale watoto wanapotumwa chumvi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imekwisha kukataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18.