Makohozi, Hadubini na Panya Buku wa Morogoro

Watu wakisikia kwamba pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kuna panya wanaonusa kifua kikuu, hushangaa kwanza, kisha huuliza kama ni kweli. Ni kweli. Ila mimi nimezeekea maabara, na kwangu habari hii inaanza na kikopo cha makohozi.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, Dk. Karel Styblo akiwa mshauri wake. Utaratibu uliojengwa hapa nchini ulikuja kuigwa duniani: pima makohozi, andika mgonjwa kwenye rejista, msimamie anapokunywa dawa. Basi mzigo wote wa kumtambua mgonjwa ukawa machoni mwetu.

Unapaka makohozi kwenye slaidi, unayakausha, unamwagia rangi nyekundu, unapitisha moto kwa chini mpaka mvuke utoke, lakini usiache ichemke. Unaosha kwa asidi, unamalizia na rangi ya buluu. Kimelea cha kifua kikuu hakiiachii ile nyekundu. Utakiona kama kijiti chembamba. Kabla hujaandika kwamba hakuna ugonjwa, sharti upitie sehemu 100 za slaidi hiyo moja. Ikifika saa nane mchana shingo imekakamaa na macho yanatoa machozi.

Na hadubini ina mpaka wake. Vimelea visipofika kama 10,000 katika mililita moja ya makohozi, ni vigumu kuviona hata uwe makini namna gani. Watu wa milimani waliumia zaidi. Mgonjwa wa Mgeta au Matombo aliteremka, akatoa makohozi ya papo hapo, akalala kwa ndugu mjini, alfajiri akaleta mengine. Nauli imekwenda, shamba limelala. Namkumbuka mama mmoja aliyerudi dirishani kwetu: “Mwanangu, mmesema sina kitu, mbona usiku silali kwa kukohoa?” Jibu lake lilikuwa limesomwa kwa uangalifu wote. Hadubini haikuwa na zaidi ya kutuonyesha.

Mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji na Bart Weetjens, lilihamia SUA likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya buku tunamjua sote: macho dhaifu, mashavu ya kubebea chakula, pua isiyokosea njia usiku. Haukupita muda mrefu wakaanza kumjaribu kwenye makohozi.

Kizimba chake kina matundu 10 sakafuni, na chini ya kila tundu kuna sampuli iliyokwisha kupashwa moto ili vimelea vife. Panya hupita haraka. Penye harufu ya ugonjwa husimama na kuzamisha pua kama sekunde 3. Kati ya sampuli hizo huchanganywa zile zinazojulikana kuwa na ugonjwa. Akizipatia, husikia mlio na kupewa ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 humaliza kwa dakika 20. Kwetu ilikuwa kazi ya siku nne.

Sampuli anazonusa zimeshapimwa kliniki, nyingi zikiwa zimeandikwa kwamba hazina ugonjwa. Alizozisimamia hurudishwa chini ya hadubini kuthibitishwa, ndipo kliniki ijulishwe. Kwa njia hiyo wamepatikana maelfu ya wagonjwa waliokuwa wameambiwa ni wazima. Wanaosema panya amewashinda wataalamu siwaungi mkono: yeye hutuonyesha slaidi ya kurudia, nasi tunarudia.

Sehemu iliyo ngumu mpaka leo ni kumfikishia mgonjwa jibu la pili. Wahudumu wa jamii, baadhi yao walioponywa ugonjwa huohuo, huwatafuta watu nyumba kwa nyumba, na wengine hawapatikani kwa sababu simu haipo hewani au mtaa ulioandikwa si wao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikohoa wiki mbili nenda ukapime. Na unapokabidhi kikopo, acha namba ya simu inayopatikana, jina la kitongoji chako na la mwenyekiti wake. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.