Maneno ya siri: tuyaandike mara ngapi?

Wengi wanaosimba barua pepe hulalamika kwamba programu inawadai maneno ya siri kila mara. Kero hiyo ina historia.

Mwaka 1991 Phil Zimmermann wa Marekani alitoa PGP, programu iliyomwezesha mtu wa kawaida kugeuza barua pepe kuwa fumbo ambalo mpelekewa pekee hulifumbua. Ufunguo wa kufumbulia hukaa ndani ya kompyuta yako. Mwizi akiichukua, amechukua na ufunguo. Kwa hiyo PGP iliufunga ufunguo wenyewe kwa maneno yaliyo kichwani mwako tu.

Lakini binadamu huchoka. PGP za zamani zilikubali uyaweke maneno hayo kwenye mfumo wa kompyuta kwa jina PGPPASS, nawe hukuulizwa tena. Tatizo: katika baadhi ya kompyuta za Unix zilizotumiwa na wengi, jirani aliweza kuyasoma kwa amri ya ps. Ni kama kufunga mlango kisha kutundika ufunguo papo hapo.

GnuPG ya Werner Koch wa Ujerumani, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 1999, ilipata dawa bora. Toleo la 2.0, Novemba 2006, lilitegemea gpg-agent, mlinzi anayeyashika maneno kwenye kumbukumbu ya muda bila kuyaandika kwenye diski. Usipobadilisha kitu, anayakumbuka kwa sekunde 600. Kila ukitumia ufunguo hesabu huanza upya, ila zikitimia sekunde 7200 anasahau, hata kama uko katikati ya kazi.

Kutoulizwa si usalama. Thunderbird 78 ya mwaka 2020 ilikuja na usimbaji ndani yake, na ulinzi wa funguo ukategemea nywila kuu ya programu. Usipoiweka, hakuna swali, na hakuna kufuli pia.

Mimi niliwahi kumwongezea mlinzi wangu muda hadi saa nane. Siku moja nikaenda chai, kurudi nikamkuta mwenzangu ameketi mbele ya barua zangu, zote zimefumbuliwa. Alitaka kunichekesha tu. Sikucheka.

Sasa nimeweka default-cache-ttl 900 katika gpg-agent.conf, na nikiinuka naandika gpgconf --reload gpg-agent ili asahau papo hapo. Je, wako anakumbuka kwa muda gani? Kaangalie leo.