Msimu wa 1951: Timu Iliyokataa Kuwaacha Wenzao



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari ya historia, na huenda wengi wenu mnatazamia nieleze tena habari za majahazi, za mikarafuu au za skuli zetu za zamani. Hizo tumeziandika miaka mingi, na inshallah tutaziandika tena. Safari hii nimependa kueleza habari ya nchi hii tunayoishi, kwa sababu wajukuu zetu wanazaliwa hapa na kusoma hapa, na historia ya hapa nayo ni yao. Ni habari ya mpira wa Kimarekani katika chuo kimoja kidogo cha mji wa San Francisco, msimu wa mwaka wa 1951.

Kwanza niwaeleze wazee mchezo wenyewe, maana najua wengi wao wakiwaona vijana wameukodolea macho kwenye televisheni husema, "Hivi ni vita, si mchezo." Mimi pia nilipofika Marekani nilistaajabu kuona mchezo unaoitwa mpira wa miguu, na mguu hauugusi mpira ila mara chache. Lakini una hesabu zake. Kiwanja kina urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa mwisho wa upande mmoja hadi wa pili, na kila upande una wachezaji 11. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa nafasi nne nyingine; wakishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Atakayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa adui huipatia timu yake pointi 6, kisha huruhusiwa kuongeza pointi moja kwa kuupiga teke upite katikati ya milingoti. Mwenye kujua hayo machache anaweza kukaa na wajukuu zake na kufuata mchezo.

Jambo la pili la kufahamu ni namna vyuo vilivyokuwa vikimaliza msimu wao siku zile. Hapakuwa na mashindano ya mtoano ya kumpata bingwa. Vyuo vilicheza kuanzia Septemba hata mwisho wa Novemba, kisha timu chache zilizofanya vizuri zilialikwa katika michezo mikubwa ya Mwaka Mpya: Orange Bowl mjini Miami, Sugar Bowl mjini New Orleans, Cotton Bowl mjini Dallas, na mingineyo. Rose Bowl ya California ilikuwa na mkataba wake na vyama viwili vya vyuo, kwa hiyo wengine hawakuwa na njia. Basi mambo yalikuwa kama arusi: mwenye shughuli ndiye mwenye kuchagua wageni. Na aliyealikwa hakupata sifa tu, bali alipata na sehemu ya fedha za viingilio.

Chuo ninachokitaja ni Chuo Kikuu cha San Francisco, cha mapadri Wajesuiti, kilichoanzishwa mwaka wa 1855. Timu yake iliitwa Dons, na ilicheza katika kiwanja cha Kezar. Kiwanja hicho hicho kilitumiwa na timu ya kulipwa ya 49ers, iliyoanza mwaka wa 1946, na watu wengi walipenda kuwatazama hao wa kulipwa kuliko vijana wa vyuo. Fedha zilikuwa haba. Jirani yao, chuo cha Saint Mary's, kilikwisha kuufuta mpira baada ya msimu wa 1950. Kwa hiyo vijana wa San Francisco waliuanza mwaka wa 1951 wakijua kuwa mchezo wao chuoni umo hatarini.

Mwalimu wao wa mchezo alikuwa Joe Kuharich, mtu mkali aliyewapeleka kufanya mazoezi katika joto la Corning, kaskazini ya California. Aliyeshughulikia habari na magazeti alikuwa kijana aitwaye Pete Rozelle, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa NFL, yaani ligi ya wachezaji wa kulipwa, kutoka mwaka wa 1960 hadi 1989. Kati ya wachezaji alikuwapo Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji wa Kitaliano, aliyekwisha kupigana Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili kabla ya kuja kusoma. Alikuwapo pia Bob St. Clair, mtu mrefu ajabu, mtoto wa San Francisco.

Na walikuwapo vijana wawili weusi. Wa kwanza ni Ollie Matson, mzaliwa wa Trinity katika jimbo la Texas, mwenye mbio za paa na nguvu za nyati. Wa pili ni Burl Toler wa Memphis, Tennessee, hodari wa kuzuia na kuangusha. Wawili hao walikuwa pamoja katika City College ya San Francisco mwaka wa 1948, kisha wakaingia pamoja katika chuo cha mapadri. Wote wawili walitoka majimbo ya Kusini, ambako siku zile mtu mweusi alitengwa kisheria katika skuli, katika mabasi na katika mikahawa.

Sasa tuutazame msimu wenyewe. Dons walianza kwa kuwafunga San Jose State kwa pointi 39 kwa 2. Wakaendelea hivyo hivyo, mchezo baada ya mchezo. Walisafiri hadi New York kucheza na Fordham, nao ndio mchezo uliowatoa jasho kuliko yote. Walishinda 32 kwa 26. Siku hiyo Matson aliupokea mpira wa kuanzia mara mbili na kukimbia nao karibu kiwanja kizima hata kufunga, na wakubwa wa magazeti ya New York wakayaona hayo kwa macho yao. Mwezi wa Novemba walikutana na College of the Pacific katika mji wa Stockton. Watu walijua kuwa mshindi wa mchezo ule atatazamiwa na wenye kualika. Dons waliwapiga 47 kwa 14. Wakamaliza kwa kuwafunga Loyola 20 kwa 2. Michezo tisa, ushindi tisa, hapana sare wala kushindwa. Matson peke yake alikimbia yadi 1,566 na kufunga mara 21, na hapana mchezaji wa vyuo aliyempita mwaka ule nchi nzima.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Basi wakaingoja pete.

Habari iliyokuja ilikuwa na sharti. Walipewa kufahamu kwamba milango ya michezo ya Kusini ingeweza kufunguka, Orange Bowl ikitajwa hasa, kama timu ingekubali kwenda bila ya Matson na Toler. Vijana wakakataa. Ama tunakwenda sote, ama haendi mtu. Na hakwenda mtu.

Nataka vijana wetu walipime jambo hili vizuri. Matson na Toler walikuwa wamefungiwa mlango, na hawakuwa na la kuchagua. Waliokuwa na la kuchagua ni wale wengine. Wao wangeweza kupanda treni wakaenda Miami, wakapigwa picha, wakarudi na sifa. Tena chuo kilikuwa na haja kubwa ya fedha. Wangeweza kusema, kama wasemavyo watu wengi wema, "Sisi hatupendi, lakini ndiyo desturi ya huko, tutafanyaje?" Hawakusema hivyo.

Wapo waliotoa hoja nyingine. Walisema Dons hawakualikwa kwa sababu walicheza na timu hafifu. Ni kweli kwamba wapinzani wao wengi hawakuwa na majina makubwa. Lakini College of the Pacific, ile ile waliyoipiga 47 kwa 14, ilialikwa katika Sun Bowl ya El Paso, Januari 1952. Kama aliyeshindwa alifaa kualikwa, aliyeshinda alikuwa na ila gani?

Wengine walisema wakati ndivyo ulivyokuwa. Hiyo nayo ni nusu ya kweli. Cotton Bowl ya Dallas iliwapokea wachezaji wawili weusi wa Penn State tarehe 1 Januari 1948, na mbingu hazikuanguka. Kwa hiyo haikuwa sheria isiyovunjika. Ilikuwa ni hiari ya wenye shughuli, na kila mmoja alichagua alivyochagua. Lakini tusisahau pia ukali wa siku zile. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1951, Johnny Bright, mchezaji mweusi wa chuo cha Drake, alivunjwa taya kwa makusudi katika mchezo huko Oklahoma, na picha za tukio lile zilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa wakati vijana wa San Francisco walipotoa jibu lao.

Na gharama ya jibu lile ililipwa. Baada ya msimu ule chuo kiliufuta mpira kwa sababu ya fedha. Timu iliyoshinda michezo yote haikuwa na msimu wa pili. Mimi siwezi kuwaambia vijana kwamba atendaye haki hulipwa papo kwa papo. Historia haisemi hivyo, na mwalimu asiseme lisilokuwepo.

Hata hivyo, tuwafuate wenyewe walikokwenda. Wachezaji tisa wa timu ile walichaguliwa na timu za kulipwa, idadi kubwa mno kwa chuo kidogo. Watatu kati yao, Matson, Marchetti na St. Clair, wameingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo huko Canton, Ohio. Matson, kabla hata ya kuanza kucheza kwa malipo, alikwenda Olimpiki ya Helsinki mwaka wa 1952, akaleta medali ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti. Mwaka wa 1959 timu ya Los Angeles Rams ilitoa wachezaji tisa ili kumpata yeye mmoja. Alifariki mwaka wa 2011.

Lakini mimi, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ualimu, moyo wangu uko kwa Burl Toler. Mwaka wa 1952, kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa kulipwa, aliumia goti vibaya, na mchezo wake ukaishia pale. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Toler aliingia katika kazi ya kufundisha, akawa mwalimu mkuu mweusi wa kwanza katika skuli za sekondari za San Francisco. Na uwanjani alirudi kwa njia nyingine: mwaka wa 1965 alikuwa mwamuzi mweusi wa kwanza katika NFL. Mwaka wa 1980 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Yule waliyemtaka abaki nyumbani ndiye aliyesimama katikati ya kiwanja na filimbi, na wakubwa wote wakamtii. Jumatatu alikuwa amesharudi kwa wanafunzi wake.

Mwaka wa 2000 Baraza la Senate la Marekani lilipitisha azimio la kukiri kwamba timu ya 1951 ilidhulumiwa kwa sababu ya ubaguzi. Ilikuwa imepita karibu miaka 50. Toler alifariki mwaka wa 2009, na miaka minane baadaye chuo kilifanya jambo lililonigusa zaidi kuliko lile azimio. Palikuwa na bweni la wanafunzi lililoitwa kwa jina la James Phelan, aliyepata kuwa meya wa San Francisco na seneta, na ambaye mwaka wa 1920 alifanya kampeni ya kutaka California ibaki ya watu weupe, akiwapinga hasa wahamiaji wa Kijapani. Wanafunzi walidai jina hilo liondolewe. Mwaka wa 2017 bweni likapewa jina la Burl Toler. Leo watoto wa wahamiaji wa kila rangi wanalala chini ya jina la mwalimu mkuu yule.

Kwa nini nimeyaandika haya katika kitabu cha jamaa zetu? Kwa sababu mialiko ya namna ile haijakwisha, ila imebadilisha nguo. Kijana wetu huambiwa: njoo kwetu, wewe si kama wale wenzako. Huyu huambiwa jina lake ni gumu, bora alifupishe. Yule hukaribishwa mahali ambapo dada yake, kwa sababu ya mtandio wake, hakaribishwi. Mwaliko mzuri una ladha, na mtu aliye mgeni katika nchi huona tamu zaidi kualikwa. Siwaambii mkatae kila mwaliko. Tumekuja huku kutafuta, na atafutaye huingia milango mingi. Nawaambia mtazame kwanza ni nani anayetakiwa abaki nje ili nyinyi mwingie.

Na wazazi wenzangu, watoto wakikaa kutazama mpira huu siku za Jumamosi, kaeni nao. Waulizeni nani ana mpira na amebakiwa na nafasi ngapi. Kisha, mchezo ukiisha, wasimulieni habari ya timu hii iliyoshinda michezo tisa na isialikwe popote, na kwa nini.