Kosa la Pakiti Lina Historia

Wapo wabunifu wanaochukua maneno ya pakiti za vitafunio, wakayapitisha mara kadhaa kwenye programu ya kutafsiri, kisha wakaichora pakiti upya kwa maneno yaliyovurugika ili watu wacheke. Mzaha huo unaiga jambo lililotokea kweli sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya maduka ya China yalibandika lebo za Kiingereza ambamo vyakula vikavu viliandamana na tusi zito la ngono. Wageni walipiga picha wakaamua kuwa wenye maduka ni wajinga. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwani muuzaji ndiye aliyekuwa wa mwisho katika mlolongo mrefu wa maamuzi ya watu wengine.

Katika miaka ya 1950 na 1960, serikali ya China ilirahisisha maandishi ili wananchi wengi zaidi wajue kusoma. Herufi zilizokuwa mbalimbali, mojawapo ya ukavu na nyingine ya kutenda, zikaunganishwa kuwa moja: 干. Mchina hasumbuki nayo, kama Mswahili asivyochanganya kaa la moto na kaa wa baharini, maana maneno ya jirani humwongoza. Lakini kutenda, katika lugha ya mtaani, kulibeba pia maana ya kujamiiana, na programu ya kamusi iliyoenea nchini humo ikaichukua maana hiyo hata kwenye matunda makavu. Udhaifu huu ulishajulikana. Mwaka 1954, huko New York, kompyuta ya IBM ilitafsiri sentensi za Kirusi ikiwa na maneno 250 na kanuni 6 tu, na wengi wakaamini kazi imekaribia kuisha. Mwaka 1960 mtafiti wa tafsiri ya mashine Yehoshua Bar-Hillel akaonya kwamba mashine isiyoujua ulimwengu haiwezi kuchagua maana sahihi ya neno lenye maana nyingi. Onyo lake halikufika dukani. Kilichofika ni programu.

Huenda mtu akasema mashine za leo zimeboreka. Ni kweli, hasa tangu 2016 hivi, zilipoanza kutumia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano mingi. Ila tafsiri mbovu ya zamani ilijitangaza yenyewe, ilhali ya leo hutiririka vizuri hata inapopotosha, na msomaji huiamini. Wengine watasema kicheko hakimdhuru mtu. Kwenye picha ya mzaha, sawa. Kwenye pakiti halisi kuna orodha ya viungo, na mwenye mzio wa karanga anaitegemea kwa uhai wake. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inadai maelezo ya chakula yawe katika lugha ambayo mnunuzi anaielewa kwa urahisi. Wewe unayefungasha korosho au ndizi kavu za kuuza ng'ambo, mlipe mzungumzaji mzawa wa lugha ya mnunuzi aisome pakiti kabla haijaenda kiwandani kuchapwa.